Jinsi ya kushukuru vitu vidogo ndani ya wiki moja, kuanzia Jumamosi mpaka Ijumaa

Mwaka jana mdogo wangu alienda Muscat kufanya kazi za ndani, na siku ya tatu tu tangu afike akanitumia voisi alfajiri, huku kwetu saa kumi na moja, kule kwao saa kumi na mbili, ananiuliza dada, yule mama wa vitumbua wa pale kona bado anatia hiliki au kaacha? Swali lenyewe ndo hilo. Mi nimekula vile vitumbua karibu kila asubuhi kwa miaka sita na nikashindwa kumjibu.

Ikabidi niende. Nikanunua viwili, nikakaa pale kwenye benchi nikala taratibu kama mtu anayeonja mara ya kwanza, na ndiyo, hiliki ipo, tena anaitwanga mwenyewe maana unakutana na vile vichembe vyeusi kwenye meno, alafu pembeni kitumbua kikavu kinakatika kabisa ila katikati ni laini na kina joto la kuunguza ulimi. Nikamwelezea yote hayo kwa voisi ya dakika mbili. Akanijibu analia. Mi nami machozi yakanitoka palepale kwenye benchi, kwa sababu kitu anacholilia mwenzangu mi nilikuwa nakimeza kila siku huku macho yapo kwenye simu.

Kuanzia hapo tukawa na utaratibu wetu, na huu mwongozo umetoka kwenye huo utaratibu. Nimeufanya zaidi ya mwaka sasa, najua panapofanya kazi na panapokwama. Wiki moja inatosha kuujaribu.

Kwanza elewa tunachotafuta

Sisi watu wa Kiswahili kushukuru tunashukuru sana kwa mdomo. Mtu akikuuliza habari za kwako unasema namshukuru Mungu, Muislamu anasema alhamdulillahi, Mkristo anasema tunamshukuru Bwana, na mambo yanaenda. Hiyo sio mbaya hata kidogo na usiiache. Ila ile ni shukrani ya jumla, unashukuru uhai na uzima na kuamka salama, vitu vikubwa mno kiasi kwamba moyo unashindwa kuvishika, ni kama kumwambia mtu ashike bahari kwa mkono. Moyo unashika kitu chenye ukubwa wa kitumbua. Kwahiyo wiki hii tunafanya kitu kimoja tu, tunataja. Kitu gani, saa ngapi, wapi, na kimepita kwenye mkono wa nani mpaka kikakufikia.

Adui yetu hapa ni mazoea. Kitu kizuri ukikipata kila siku akili inaacha kukihesabu, haina ubaya, ndo ilivyoumbwa, na ndo maana harufu ya nyumba ya mtu unaisikia wewe mgeni ila mwenye nyumba haisikii. Watafiti wamelifuatilia hili jambo kwa vipimo, mwaka 2003 Wamarekani wawili, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti ambao kundi moja la wanafunzi lilikuwa linaandika mara moja kwa wiki mpaka vitu vitano wanavyovishukuru, kundi lingine linaandika kero za wiki, na wale wa shukrani wakajiona maisha yao ni mazuri zaidi na wiki inayokuja wanaisubiri kwa matumaini. Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake nao wakajaribu njia ya vitu vitatu kila usiku kwa wiki moja, na kila kitu ukiandikie sababu yake. Hiyo ya sababu ni muhimu, nitairudia mbele.

Hatua ya 1: tafuta mtu wa kumwambia

Wengi wanasema nunua daftari. Daftari zuri, mi ninalo, la shule la kurasa 48, lakini daftari halikuulizi swali. Tafuta mtu aliye mbali na maisha yako, ndugu aliye nje, rafiki aliyehamia Mwanza, mzazi kijijini, hata mgonjwa aliyelazwa ambaye hawezi kutoka nje, na umwombe ruhusa, mwambie wiki hii kila usiku ntakutumia voisi fupi ya vitu vitatu vidogo vya leo, huna haja ya kujibu.

Kwa nini mtu wa mbali? Kwa sababu ukimsimulia mtu ambaye hayupo unalazimika kueleza. Mtu wa nyumbani ukimwambia leo nimekunywa chai nzuri atasema sawa. Wa mbali atakuuliza nzuri kivipi, tangawizi ilikuwa ya kuponda au ya unga, na we utajikuta kesho yake unainusa chai kabla hujanywa ili upate cha kumjibu usiku.

Kama huna mtu kabisa, jirekodi kwenye simu usijitumie popote, au andika. Usiweke stetasi. Nasema hivi kwa uzoefu, nilijaribu kuweka stetasi siku nne mfululizo na nikajikuta natafuta vitu vyenye kupendeza kwenye picha badala ya vitu vilivyonigusa, na kanga yangu kuukuu hata siku moja isingeingia kwenye picha.

Hatua ya 2: anza Jumamosi

Watu wanapenda kuanza kila kitu Jumatatu. Lakini sikiliza majina ya siku zetu wenyewe, Jumamosi ni ya mosi, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, wiki ya Kiswahili inaanzia Jumamosi na inafunga Ijumaa. Mi naifuata hiyo kwa sababu ya maana pia, Jumamosi mtu una pumzi kidogo, unajifunza zoezi ukiwa umetulia, Jumatatu ikifika na foleni yake mkono umeshazoea.

Hatua ya 3: Jumamosi, kitu kimoja cha nyumbani ambacho hakiuzwi

Jumamosi yangu ni ya kufua. Sasa usianze kujilazimisha kupenda kufua, kama mgongo unauma unauma. We tafuta kitu kimoja tu ndani ya ile kazi. Mi nilianza na kanga ya kulalia. Nauza duka la vitambaa Kariakoo, la mtu, kwahiyo kanga nazijua, kanga mpya ina wanga, ngumu, ukijifunga inasimama kama karatasi, na hakuna kanga dukani kwetu, ya bei yoyote ile, iliyo laini kama hii yangu ambayo maneno yake yameshafutika mpaka siwezi kuyasoma na pande la pili la doti silijui lilipoishia. Ule ulaini unatengenezwa na miaka ya kufuliwa na kuanikwa tu. Nimeuza mamia ya doti na sijawahi kuuza ulaini ule.

Kwahiyo zoezi la Jumamosi ni hilo, zunguka nyumba yako utafute kitu ambacho hata ukipewa hela huwezi kukinunua kikiwa hivyo kilivyo. Mwiko uliokatika ncha ila unaushika vizuri. Mlango ambao unajua kuuinua kidogo ndo ufunge. Maji ya ndoo iliyoachwa juani tangu mchana, ukioga saa kumi na mbili jioni ni vuguvugu kama yamepashwa na mtu. Shuka lililokauka juani ukalilalia usiku lina harufu ambayo sabuni hata iwe ya bei gani haiwezi kuitoa. Chagua kimoja, kishike, kaa nacho kama dakika moja, usiku ukisimulie.

Usiku wa kwanza utajiona hujui kusema. Sema tu hivyohivyo.

Hatua ya 4: Jumapili, vitu vyenye msimu

Siku ya pili tafuta kitu ambacho hakitakuwepo baada ya miezi miwili. Hii ni hatua rahisi kuliko zote na ndo inayonifurahisha, kwa sababu kitu chenye mwisho kinajitetea chenyewe, hakisubiri ukizoee.

Huku Dar mwezi wa kumi na mbili ni maembe. Yamejaa kwenye mikokoteni, dodo, bolibo, na zile ndogo za kienyeji zenye nyuzi ambazo watu wanazidharau ila utamu wake uko peke yake. Chukua moja, usikate vipande vya kistaarabu, libonyeze mpaka lilegee, toboa juu unyonye, simama sehemu ambayo juisi ikidondoka haina shida. Joto la mwezi huo ni kali, hatupendi, lakini joto hilohilo ndo linatuletea maembe, na vikija vile vimvua vya ghafla vya vuli udongo unatoa harufu ambayo mdogo wangu ananiambia kule hajaisikia tangu afike. Kwenye mwezi wa sita mpaka wa nane ni zamu ya kitu kingine, upepo wa kusi, asubuhi unaamka unatafuta shuka, kwa mtu wa Dar hiyo ni zawadi. Masika nayo ina shida zake za mafuriko na matope, ila kulala mvua ikipiga bati usiku, ukiwa na uhakika paa halivuji, sijui niseme nini, hata sasa nikiandika naisikia.

Jumapili pia ni siku ya kusukwa. Jirani yangu ananisuka mtindo wa twende kilioni kwenye mkeka pale nje, tunapiga stori, kichwa kinauma ndiyo, lakini ile anamaliza tu upepo unapita kwenye zile njia za kichwani, baridi, kama mtu kakupulizia. Hicho nilikiandika wiki ya kwanza kabisa. Na ukiwa na nauli na nafasi, jioni nenda Coco Beach ukale muhogo wenye kachumbari na pilipili na ndimu, maji ya bahari hayana kiingilio.

Hatua ya 5: Jumatatu, safari ya kwenda kazini

Hapa tunafanya kazi moja ngumu, simu inaingia kwenye mkoba na haitoki mpaka ufike mahali ulipopanga. Usiseme safari nzima, utashindwa, panga kipande. Mi natoka Tabata naenda Kariakoo, kipande changu ni mpaka Buguruni. Kwenye hicho kipande naangalia nje tu, au ndani.

Unachotafuta leo ni mikono ya watu. Yani kitu kizuri ambacho mtu mwingine kakifanya, akijua au asijue. Konda aliyesubiri sekunde kumi bibi akae ndo akagonga bati gari iondoke. Mwanafunzi amesimama na begi lake zito, mama aliyekaa akalipokea akalipakata bila kuulizwa, hii huwa inatokea kwenye madaladala yetu kila asubuhi na hakuna anayeitangaza. Chenji ya mia mbili iliyopitishwa kwenye mikono ya abiria wanne kutoka mbele mpaka nyuma ikafika kamili. Hebu fikiria hiyo ya chenji vizuri. Watu wanne hawajuani na hela imefika.

Hapa ndo ile sababu inaingia. Usiku ukisimulia usiishie kusema chenji ilifika, malizia na kwa nini imetokea. Kwa sababu watu wanaaminiana kwa mia mbili. Kwa sababu yule mama naye ana mtoto anayesimama kwenye gari lingine. Ukitafuta sababu unagundua karibu kila kitu kidogo kizuri nyuma yake yupo mtu, na shukrani inapata pa kwenda.

Hatua ya 6: Jumanne, siku ikiharibika

Nimeipa Jumanne lakini itakuja siku yoyote. Kwenye wiki kuna siku utakayoona huu mwongozo ni upuuzi, na nataka nikae hapa kidogo maana ndipo watu wanapoachia.

Wiki ya tatu ya kufanya hili jambo mshahara wetu ulichelewa, ukachelewa tena, na tulipouliza tukaambiwa tushukuru hata kazi tunayo. Ile kauli ilinichoma. Nilirudi nyumbani nikamtumia mdogo wangu voisi nikamwambia leo sina kitu, na hii habari ya kushukuru naona ni ya kuwanyamazisha watu. Akanijibu, dada, basi nitajie kwanza yanayokuuma, alafu kama kutabaki kitu utaniambia.

Toka siku hiyo ndo sheria yetu. Siku mbaya unaanza na kero, unazitaja kwa majina kama unavyotaja mazuri, mshahara siku kumi na tisa, kodi ya nyumba, jino linauma. Unazisema zote. Ukimaliza unakaa kimya kidogo uone kama kipo kitu hata kimoja. Siku ile kilikuwepo, glasi ya maji ya kwenye mtungi aliyonipa jirani nilipopita mlangoni kwake, baridi, yana ile harufu ya udongo wa mtungi. Glasi ya maji haikulipa kodi. Ila ilikuwepo, na nilikuwa na kiu, na alinipa.

Kwahiyo tafadhali, mtu akikuambia shukuru ili usidai haki yako, huyo hazungumzii shukrani. Dai mshahara wako mchana na usiku taja glasi yako ya maji, hivi viwili vinakaa kwenye moyo mmoja bila kugombana. Sisi tulidai na tukalipwa mwezi uliofuata.

Na jambo lingine la siku mbaya, usijipoze kwa kusema kuna wenzangu hawana hata hiki. Najua tunafundishwa hivyo tangu wadogo mezani, kula kuna watoto hawana chakula. Mi nimeacha. Shida ya mwenzangu sio mto wa mi kulalia. Chai yangu ni nzuri kwa sababu ina tangawizi na imepikwa vizuri, haihitaji mtu mwingine akose chai ndo iwe nzuri.

Kama una huzuni nzito ambayo inakaa wiki na wiki, huli, hulali, hutaki kuona watu, hilo sio la vitu vitatu, nenda hospitali ukaongee na daktari au mshauri, na mwambie mtu wa karibu leoleo.

Hatua ya 7: Jumatano, masikio

Hii fupi. Siku nzima kusanya sauti tu. Macho yetu yamechoka na yamezoea kila kitu, masikio bado. Muuza kahawa anavyogonganisha vikombe vyake jioni, huhitaji kumwona, unajua yupo mtaa gani, na ukimwita anakuja na dele lake la moto na kashata. Adhana ya alfajiri ukiwa hujatoka kwenye shuka, na kama wewe ni Mkristo hata hivyo inakupa saa. Mafuta yakipokea kitunguu. Maji yakianza kutoka kwenye bomba usiku na mtu anapiga kelele maji jamani maji, na ndoo zinaanza kugongana nyumba nzima. Siku ya mechi ya Simba na Yanga ile kelele inayotoka kwenye banda umiza, kile kibanda cha kuangalizia mpira, inayokwambia goli limeingia, na mtaa unakuwa kimya kwa nusu yake na nusu nyingine inaruka.

Rekodi sauti moja, sekunde ishirini, umtumie mtu wako bila maelezo. Mdogo wangu anazo zote kwenye simu yake. Anasikiliza ya vikombe vya kahawa akiwa anapiga pasi.

Hatua ya 8: Alhamisi, nenda kamwambie

Mpaka hapa una vitu kama kumi na tano, na karibu kila kimoja kina mtu nyuma yake. Leo chagua mtu mmoja umfuate umwambie. Ana kwa ana, sio meseji.

Neno letu asante limetoka kwenye Kiarabu, ahsanta, maana yake umefanya vizuri. Yani ukimshukuru mtu unamwambia kazi yake ni njema, unamtajia alichokifanya. Kwahiyo usimwambie asante kwa kila kitu. Mtajie kile kitu.

Mi nilimfuata mama wa vitumbua. Nilisubiri wateja wapungue, kama saa tatu asubuhi hivi, nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, nikamwambia nina mdogo wangu yupo Oman, kitu cha kwanza alichoniuliza alipofika ni kama bado unatia hiliki. Aliweka kile kijiti chake cha kugeuzia chini. Akafuta mikono kwenye kanga. Akaniambia miaka yote hii watu wananiambia nipunguze bei, hakuna aliyewahi kunitajia hiliki.

Alafu akaanza kunielekeza, mwambie mdogo wako aloweke mchele usiku kucha, asubuhi ausage na tui zito la nazi, sio jepesi, aweke hamira na sukari, aache uumuke mpaka uone mapovu juu, na hiliki atwange siku hiyohiyo asiweke ya kukaa kwenye kopo. Nikarekodi sauti yake kwa ruhusa yake. Mdogo wangu hajapata nafasi ya kuvipika kule, ila ile sauti anayo.

Utaona aibu kidogo kabla hujaenda. Kila mtu anaona. Ongea kwa ufupi, taja kitu kimoja, usitoe hotuba, na usimpe hela kama malipo ya hayo maneno maana utayaharibu. Kama mtu wako ameshafariki, mtajie mwanae au ndugu yake. Nilishamwambia kijana mmoja kwamba baba yake alikuwa ananishonea viatu na kukataa hela siku za mvua, hakuwa anajua, aliniuliza mara mbili.

Hatua ya 9: Ijumaa, kufunga hesabu

Ijumaa usiku usiongeze vitu vipya. Soma au sikiliza vya wiki nzima, toka Jumamosi. Tumia dakika kumi na tano, chai pembeni. Angalia mambo mawili. La kwanza, ni kitu gani kimejirudia, hicho ndo kinakubeba na hukuwa unajua, kwangu ilikuwa jirani yangu, wiki nzima alitokea mara tano, nywele, maji ya mtungi, kucheka ukutani, na sikuwahi kumuweka kwenye hesabu ya watu wangu wa karibu. La pili, kitu gani hakikutokea kabisa. Wiki yangu ya kwanza hakukuwa na kitu hata kimoja cha saa za mchana kazini, kuanzia saa tatu mpaka saa kumi na moja hamna kitu. Hilo nalo ni jibu, nikaanza kula chakula cha mchana nje, kwenye kivuli, na yule dada wa duka la jirani, badala ya kula nimesimama nyuma ya kaunta.

Baada ya wiki hii ya kwanza usiendelee kila siku. Najua utataka. Nimewahi kuendelea miezi miwili kila usiku na ikageuka kazi, nasema chai, kanga, upepo, kama mtu anayeitikia mahudhurio darasani. Mtafiti mwingine, Sonja Lyubomirsky, naye aliona waliohesabu mara moja kwa wiki walifaidika kuliko waliohesabu mara tatu, kwahiyo mazoea yanaweza kuila hata shukrani yenyewe. Sisi sasa hivi tunafanya Ijumaa tu, voisi moja ndefu, na katikati ya wiki mtu akikutana na kitu kikubwa cha vidogo anatuma bila kusubiri. Yeye naye ameanza kunitumia vya kule, tende mbichi wanazoita rutab zikifika sokoni kwenye kiangazi chao, na bibi wa nyumba anayofanya kazi ambaye anamwachia kikombe cha chai ya maziwa yenye zafarani kwenye meza ya jikoni kila alasiri na hasemi kitu.

Leo ni Ijumaa ninapoandika haya. Nyumba ya jirani walipika pilau mchana na wakanitumia sahani, imefunikwa na sahani nyingine juu, na sahani ya mtu hairudi tupu. Nina maembe bolibo mawili yameiva vizuri. Namalizia hapa niyaoshe, nimpelekee kabla hajalala.